Kubadili Mtaalamu Anayehudumia Mbwa Wako: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuamua

Na Mwandishi Wetu, Mara

Jua linapotua katika vijiji vya Wilaya ya Serengeti vinavyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, au katika miinuko ya Tarime inayotazama mpaka wa Kenya, mlinzi wa kwanza wa boma si mwenye boma, bali ni mbwa. Ndiye anayebweka fisi anaponyemelea zizi la mbuzi, ndiye anayetangulia mbele ya ng'ombe machungani, na ndiye anayemwamsha mwenye mji wezi wa mifugo wanaposogea. Hata hivyo, mnyama huyu anayelinda mali ya kaya nzima mara nyingi ndiye anayepata huduma hafifu zaidi ya afya. Ng'ombe akiugua, mtaalamu huitwa usiku huo huo; mbwa akiugua, husubiriwa apone mwenyewe.

Katika kaya nyingi, mbwa huhudumiwa na mtu yule yule anayewachoma sindano ng'ombe. Wapo kati yao wataalamu wenye mafunzo na utambulisho wa Serikali. Wapo pia waliojifunza kwa kutazama wengine, wakazoeleka kijijini na kuitwa madaktari. Ndiyo maana mbwa aliyechanjwa anapougua, au mbwa wa pili anapokufa baada ya wa kwanza, mfugaji hujiuliza: je, niendelee na huyu niliyemzoea, au nitafute mwingine aliye bora?

Swali hilo halina jibu moja kwa kila kaya, lakini vipo vipimo vinavyoweza kumsaidia mfugaji kuamua kwa haki na kwa faida yake. Makala haya yanaeleza vipimo hivyo, sababu zinazotosha na zisizotosha kumwacha mtaalamu, na namna ya kubadili bila kuvunja ujirani.

Kwa nini uamuzi huu ni mzito

Tofauti kati ya huduma nzuri na huduma mbaya ya mbwa haiishii kwa mbwa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa humwambukiza binadamu kupitia mate ya mnyama mgonjwa, hasa kwa kung'atwa, na dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba karibu vifo vyote hivyo chanzo chake ni mbwa. Watoto ndio walio katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu hucheza na mbwa, hung'atwa usoni na kichwani, na mara nyingine huogopa kuwaambia wazazi.

Kwa hiyo chanjo iliyoharibika, au chupa ya maji iliyouzwa kwa jina la chanjo, ni hatari kuliko kukosa chanjo kabisa. Mfugaji anayejua kuwa mbwa wake hajachanjwa huwa na tahadhari. Anayeamini kuwa mbwa wake amechanjwa, ilhali hana kinga, humwacha mtoto acheze naye, na mtoto akikwaruzwa au kung'atwa hamkimbizi hospitali. Huo ndio uzito wa kuchagua nani amshike mbwa wako na kumchoma sindano.

Historia ya eneo hili inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni ugonjwa wa virusi unaofahamika zaidi kwa mbwa, uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao, yaani simba wapatao 1,000. Wataalamu waliochunguza waliwatazama mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi kama chanzo cha karibu cha virusi hivyo. Tangu hapo, afya ya mbwa wa vijijini haikuwa tena suala la mwenye mbwa peke yake; imekuwa pia suala la uhifadhi na utalii wa Taifa.

Kuhusu kichaa cha mbwa, Wilaya ya Serengeti ina ushahidi unaotajwa hadi leo nje ya mipaka ya nchi. Kati ya Oktoba 1996 na Februari 2001 zilifanyika kampeni nne za kuchanja mbwa katika vijiji vya wilaya hiyo, na kila kampeni ilifikia kati ya asilimia 61 na 74 ya mbwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionesha kuwa matukio ya kichaa kwa mbwa yalipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya kampeni ya pili. Idadi ya watu waliofika hospitalini kwa kung'atwa na mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa nayo ilipungua. Chanjo ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa halisi, ilitunzwa ipasavyo na ilirudiwa kwa wakati. Mambo hayo matatu ndiyo ambayo mfugaji anapaswa kumdai mtaalamu wake.

Nani anaruhusiwa kumhudumia mbwa wako

Kipimo cha kwanza ni cha kisheria. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania, chombo kinachosimamia taaluma ya afya ya wanyama nchini. Madaktari wa wanyama, yaani wenye shahada ya udaktari wa wanyama kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, husajiliwa na Baraza hilo. Wataalamu wasaidizi, ambao wengi wao ni wahitimu wa stashahada na astashahada za afya ya mifugo kutoka kampasi za Wakala ya Mafunzo ya Mifugo na vyuo vingine, huandikishwa au kuorodheshwa kulingana na kiwango cha elimu yao, na hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari.

Tofauti hiyo ina maana katika maisha ya kila siku. Mtaalamu msaidizi aliyeandikishwa anaweza kabisa kuwa mtu sahihi wa kuchanja mbwa wako, kumpa dawa ya minyoo, kumwogesha dhidi ya kupe na kumpa huduma ya kwanza. Maofisa mifugo wengi wa kata wanaohudumia vijiji vya Tarime na Serengeti wako katika kundi hili, na kazi yao ni kubwa. Lakini mbwa anayehitaji kupasuliwa, kuhasiwa akiwa chini ya dawa ya usingizi, au kuchunguzwa kwa ugonjwa usiojulikana, anamhitaji daktari aliyesajiliwa. Mtaalamu msaidizi mzuri hulisema hilo mwenyewe bila kuona haya.

Mfugaji ana haki ya kuuliza. Kumwomba mtaalamu akuoneshe cheti chake cha Baraza si kumvunjia heshima, kama ambavyo si utovu wa adabu kumwomba dereva leseni. Asiyetaka kuonesha ajulikane kwa ofisi ya mifugo ya kata au ya halmashauri. Kwa wakazi wa Sirari na vijiji vingine vya mpakani, ni vyema kukumbuka kuwa mtu anayevuka mpaka kuja kutibu wanyama huku naye anapaswa kutambuliwa na Baraza la Tanzania, hata kama kwao ni mtaalamu halali. Dawa nazo ziwe zile zilizosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, si chupa zisizo na lebo zinazouzwa gulioni.

Vipimo vya huduma bora

Mtu anaweza kuwa na cheti na bado akatoa huduma duni. Baada ya kuridhika na uhalali, mfugaji atazame kazi yenyewe. Vipo vipimo sita ambavyo mtu yeyote, hata asiyesoma udaktari, anaweza kuvitumia akiwa amesimama uwanjani kwake.

Cha kwanza ni uchunguzi. Mtaalamu mzuri humtazama mbwa kabla ya kufungua mkoba. Huuliza anakula vipi, ameanza lini kuumwa, ana umri gani, amechanjwa lini, na kama kuna mtu au mnyama aliyeng'atwa. Humpima joto, hutazama ufizi, macho, ngozi na masikio. Anayefika, akachoma sindano ya antibayotiki na kuondoka bila kuuliza lolote, hatibu, anabahatisha. Katika maeneo yanayopakana na hifadhi, ambako mbung'o wapo na mbwa wanaweza kuugua nagana, na ambako homa za kupe ni za kawaida, kubahatisha kunaweza kumgharimu mbwa maisha yake wakati dawa sahihi ipo.

Cha pili ni utunzaji wa chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi bila kugandishwa. Mtaalamu makini huja na kasha la ubaridi, maarufu kama kulboksi, lenye barafu. Hukuonesha chupa, jina la chanjo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Chanjo inayotolewa mfukoni mwa koti, au iliyoning'inizwa kwenye mfuko wa plastiki juani tangu asubuhi, ikataliwe kwa upole.

Hapa panahitaji ufafanuzi, kwa kuwa baadhi ya wafugaji wameona chanjo ya kichaa ikitunzwa kijijini bila jokofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa mbwa hapa nchini, ulionesha kuwa aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa iliyokaa miezi 6 katika nyuzijoto 25, au miezi 3 katika nyuzijoto 30, iliwapa mbwa kinga isiyopungua ile ya chanjo iliyotoka kwenye jokofu. Kutokana na matokeo hayo, watafiti walibuni vyombo vya kienyeji vinavyopoza kwa mvuke wa maji, kwa kanuni ile ile ya mtungi unaopoza maji ya kunywa, ili chanjo itunzwe karibu na wananchi. Hata hivyo, ustahimilivu huo ulipimwa kwa aina mahususi ya chanjo, kwa muda maalumu na chini ya usimamizi. Haumpi mtu yeyote ruhusa ya kuacha chanjo juani, na hauhusu chanjo za distempa na parvo, ambazo huwa na virusi hai vilivyodhoofishwa na huharibika upesi kwenye joto.

Cha tatu ni kumbukumbu. Kila chanjo iandikwe kwenye kadi au cheti: jina la mwenye mbwa, kijiji, jinsia na rangi ya mbwa, aina ya chanjo, namba ya toleo lake, tarehe ya kuchanja, tarehe ya kurudia, na jina na saini ya aliyechanja. Kadi hiyo ndiyo itakayosomwa siku mbwa akimng'ata mtu, na ndiyo itakayomwezesha mtaalamu mwingine kuendelea pale wa kwanza alipoishia. Mtaalamu asiyeandika chochote amekufunga kwake, kwa sababu historia ya mbwa wako yote iko kichwani mwake.

Cha nne ni kueleza ukweli. Kuna dhana iliyoenea kwamba "mbwa akishachomwa sindano" amekingwa na kila kitu. Chanjo ya kichaa haizuii distempa, haizuii parvo na haiui minyoo. Mtaalamu mzuri hueleza sindano aliyochoma ni ya nini na si ya nini. Huwaeleza wenye watoto wa mbwa kuwa chanjo za distempa na parvo huanza katika wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki chache hadi mtoto wa mbwa afikishe takriban wiki 16, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama yake inaweza kuizuia chanjo ya mwanzo isifanye kazi.

Cha tano ni usafi na usalama. Sindano iliyotumika kwa ng'ombe isiingie kwa mbwa, na iliyotumika kwa mbwa mmoja isiende kwa mwingine bila kubadilishwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimiminwe kwa mbwa kwa kipimo cha kukisia, wala vidonge vya maumivu vya binadamu visipewe mbwa. Vipo vinavyoweza kumuua kwa kiasi kidogo tu. Mtaalamu anayeheshimu mambo haya hubeba glovu, hupima uzito wa mbwa au kuukadiria kwa makini, na huondoka na taka zake badala ya kutupa sindano kichakani ambako watoto huchezea.

Cha sita ni ufuatiliaji. Je, hurudi, au angalau hupiga simu kuuliza hali? Je, hupatikana unapompigia? Je, likizidi uwezo wake hukuelekeza kwa mwingine? Anayesema "hili limenizidi, nenda kwa daktari wa wilaya" ni wa kuaminiwa zaidi kuliko yule ambaye hajawahi kushindwa na ugonjwa wowote.

Sababu zisizotosha kumwacha

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Si kila jambo linalomuudhi mfugaji ni kosa la mtaalamu.

Mbwa kufa si ushahidi wa kutosha. Parvo huua watoto wa mbwa hata pale wanapotibiwa vizuri. Mbwa aliyekwisha kuambukizwa kichaa kabla ya kuchanjwa anaweza kuugua baada ya chanjo, kwa kuwa ugonjwa huo hukaa mwilini wiki kadhaa na hata miezi kabla ya kuonesha dalili, na kinga ya chanjo nayo huchukua wiki kadhaa kujengeka. Kabla ya kumlaumu mtaalamu, muulize akueleze kilichotokea. Maelezo yake, au kukwepa kwake kueleza, ndiyo yatakayokupa jibu.

Kukataa kuchoma sindano si uvivu. Baadhi ya wafugaji humwona mtaalamu asiyechoma kuwa hajui kazi. Mara nyingi ni kinyume chake: antibayotiki haitibu ugonjwa wa virusi, na matumizi yake holela hujenga usugu wa dawa kwa wanyama na kwa binadamu.

Bei peke yake pia haitoshi, ya juu wala ya chini. Anayetoza kidogo zaidi huenda anapunguza mahali fulani, pengine kwenye barafu au kwenye sindano mpya. Anayetoza zaidi naye aeleze anatoza kwa ajili ya nini. Kinachofaa kulinganishwa ni bei pamoja na kazi iliyofanyika.

Vilevile, kukosa chanjo kwa wakati fulani si kosa la ofisa wa kata iwapo haijafika wilayani. Kosa ni kukwambia ipo wakati haipo, au kuchoma kitu kingine badala yake.

Sababu zinazotosha

Zipo kasoro ambazo zikionekana mfugaji hapaswi kusubiri zijirudie. Nazo ni kukosa utambulisho wa Baraza au kukataa kuuonesha. Kutumia chanjo iliyopita muda wake au isiyo na lebo. Kutoa cheti cha chanjo bila kumchanja mbwa. Kufanya upasuaji bila dawa ya ganzi au ya usingizi, jambo ambalo pia linagusa Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008. Na kuficha tukio la mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa, au kumshauri mwenye mbwa anyamaze.

Kuna pia kasoro ndogo ambazo moja peke yake hustahimilika, lakini zikikusanyika huonesha kuwa wakati wa kubadili umefika: kutoandika kumbukumbu hata baada ya kuombwa, kutopatikana mara kwa mara, kutibu bila kuchunguza, na kukasirika anapoulizwa. Mfugaji ajiulize swali moja: je, nimemweleza? Mtaalamu aliyeelezwa akajirekebisha ni bora kuliko mgeni usiyemjua. Aliyeelezwa asibadilike amekwisha kukupa jibu.

Pale ambapo hakuna wengi wa kuchagua

Ni kweli kwamba mkazi wa mjini Tarime au Mugumu ana nafasi kubwa ya kuchagua kuliko mkazi wa kijiji cha mbali ambako ofisa mifugo mmoja huhudumia vijiji kadhaa. Kwa wengi, basi, swali si nani wa kumwacha, bali ni kazi ipi apewe nani.

Njia inayofaa katika mazingira hayo ni kugawa huduma. Chanjo ya kichaa ya kila mwaka ifanywe na ofisa mifugo wa kata au na timu ya kampeni inapofika kijijini. Kampeni hizo hutangazwa kupitia ofisi za vijiji, mikutano, shule na misikiti na makanisa, na pale zinapofadhiliwa huwa bila malipo. Minyoo na kupe vishughulikiwe na mtaalamu wa karibu aliyeandikishwa. Upasuaji, uzazi ulioshindikana, majeraha makubwa ya kupigana na wanyamapori na magonjwa yasiyoeleweka yapelekwe kwa daktari aliyesajiliwa katika ofisi ya mifugo ya halmashauri, hata kama ni safari ya siku nzima.

Majirani pia wanaweza kuungana. Kaya kumi zikipanga siku moja, zikamwalika daktari kutoka mjini, gharama ya usafiri hugawanyika, kasha moja la barafu hutosha wote, na chupa ya dozi nyingi iliyofunguliwa humalizika siku hiyo hiyo badala ya kubaki na kuharibika. Kuna faida nyingine kubwa zaidi: kinga dhidi ya kichaa ni ya kijiji, si ya boma. Lengo linalopendekezwa kimataifa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Mbwa wako akiwa na daktari bora kuliko wote wilayani, ilhali mbwa wa majirani hawajachanjwa, watoto wako bado wako hatarini njiani kwenda shule.

Namna ya kubadili kwa staha

Kijijini, mtaalamu wa mifugo si muuza duka ambaye unaweza kumpita kimya. Huenda ni mzee wa ukoo, ni jirani, au ndiye aliyemzalisha ng'ombe wako usiku wa mvua. Ukimwacha kwa mbwa, kesho utamhitaji kwa ng'ombe. Kwa hiyo ni busara kufanya mambo kwa uwazi na kwa heshima.

Kwanza, omba kumbukumbu zote za mbwa wako: kadi, tarehe na dawa alizopewa. Ikiwa hakuna kilichoandikwa, keti naye muandike pamoja anachokumbuka. Pili, lipa deni lolote kabla ya kuondoka. Tatu, mweleze sababu moja kwa moja bila kumtangaza barazani. Ukisema "Mzee, mbwa huyu anahitaji kupasuliwa, nampeleka kwa daktari Mugumu," umelinda heshima ya wote wawili. Nne, usibadili katikati ya matibabu bila mtaalamu mpya kujua dawa iliyokwisha kutolewa, maana dawa mbili zikigongana mwilini mbwa ndiye atakayeumia. Tano, kwa mbwa ambaye chanjo yake inatiliwa shaka, mwombe mtaalamu mpya amchanje upya. Kurudia chanjo ya kichaa hakumdhuru mbwa mwenye afya.

Hata hivyo, staha isichanganywe na kuficha uhalifu. Anayeuza chanjo bandia au vyeti vya uongo aripotiwe kwa ofisi ya mifugo ya halmashauri, kwa Baraza la Veterinari au kwa vyombo vya ulinzi na usalama. Kumnyamazia kwa sababu ya ujirani ni kumwachia mtoto wa jirani mwingine hatari hiyo hiyo.

Jambo lisilosubiri uchaguzi

Lipo jambo moja ambalo halingoji mfugaji aamue nani bora. Mtu akiumwa, akikwaruzwa au akilambwa kwenye kidonda na mbwa anayeshukiwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe kituo cha afya au hospitali bila kuchelewa ili apate chanjo, na dozi zote zikamilishwe kama atakavyoelekezwa. Jeraha lisipakwe majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji, na kusubiri dalili ni kusubiri kifo.

Mbwa aliyeng'ata, kama yu hai na anaweza kuzuiliwa kwa usalama, afungwe mahali pa peke yake na afuatiliwe na mtaalamu kwa siku 10. Akifa au akiuawa, mzoga usichunwe, usiliwe na usitupwe. Ofisi ya mifugo iarifiwe ili sampuli ichukuliwe kwa ajili ya maabara. Matokeo yake huwaongoza madaktari wa binadamu na wa wanyama kwa pamoja, na hiyo ndiyo maana ya mpango wa Afya Moja unaohimizwa na Serikali.

Dunia imejiwekea lengo la kutokuwa na kifo cha binadamu kitokanacho na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na kila Septemba 28 huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeandaa chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo kwa binadamu mwaka 1885. Wakazi wa Serengeti walikwisha kuionesha dunia, zaidi ya miaka 20 iliyopita, kuwa jambo hilo linawezekana kijijini, kwa chanjo halisi iliyofika kwa wakati.

Kwa hiyo, mfugaji wa Tarime au Serengeti anayejiuliza leo kama abadili mtaalamu wa mbwa wake aanze kwa kutafuta kadi ya chanjo ya mbwa huyo. Akiipata, aisome: nani alisaini, lini, na tarehe ya kurudia ni ipi. Akiikosa, ampigie mtaalamu wake na kumwomba. Jibu atakalopewa litamsaidia kuamua kuliko maneno yote ya watu wa sokoni.